Kuotesha mrihani na viungo vingine dirishani

Mrihani wangu wa kwanza niliuua kwa mapenzi. Niliumwagilia asubuhi na jioni, majani yakageuka manjano, nami nikadhani una kiu, nikazidisha maji. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, imeoza na inanuka. Kwa hiyo mwongozo huu utasema sana habari za maji.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga kabla ya kutafuta chungu
Mrihani unataka jua la dirishani kwa saa 6 hivi kila siku. Kupima ni rahisi: adhuhuri, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyoosha mkono juu yake, kiasi cha sentimita 30. Kivuli kikionyesha vidole wazi, mwanga unatosha. Kikiwa ukungu tu, panda mnanaa, maana huo huvumilia kivuli kidogo, au tumia taa ya mimea kwa saa 12 hadi 14 kwa siku.

Hatua ya 2: Chungu na udongo
Kopo lolote linafaa, mradi lina matundu chini. Kipenyo cha sentimita 15 kinatosha mche mmoja. Kokoto za chini wanazozisifu wengi sizitumii tena: maji hubaki kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi hupungukiwa nafasi. Udongo wa shambani ukiwa peke yake hushindilia kama tofali. Changanya mboji sehemu 2 na mchanga wa chenga sehemu 1. Rozmari ipe nusu kwa nusu, haipendi unyevu.

Hatua ya 3: Kata kipandikizi
Kwa mrihani na mnanaa, mbegu za nini ikiwa jirani anao? Kata tawi changa lisilo na maua, la sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapochomoza. Ondoa majani ya chini, yasiguse maji, kisha litie kwenye glasi ya maji mbali na jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku 2. Mizizi myeupe kama nyuzi huanza kuonekana ndani ya wiki 1 au 2. Ikifika sentimita 3 hivi, hamishia chunguni.

Giligilani ni kesi nyingine. Mzizi wake mkuu huchukia kuhamishwa, kwa hiyo zipande mbegu pale pale zitakapokulia. Zipondeponde taratibu kwanza: kila kidonge kina mbegu 2 ndani.

Hatua ya 4: Maji
Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, ondoka. Mimi siku hizi nanyanyua chungu tu, kikiwa chepesi najua. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ukiona vijidudu vyeusi vinarukaruka juu ya udongo, umezidisha. Acha sehemu ya juu ikauke.

Tahadhari moja: mrihani hulegea ukiwa na kiu na hulegea pia mizizi ikioza. Usikimbilie maji kabla kidole hakijakwambia.

Hatua ya 5: Chuma
Hapa wengi wanaogopa bure. Mche ukifika sentimita 15, kata ncha juu tu ya jozi ya majani. Kwenye makwapa ya majani hayo vitachipua vitawi 2, na mche utanenepa badala ya kurefuka kama mlingoti. Usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kichwa cha maua kikianza kujitokeza, kikate siku hiyo hiyo, kwani mrihani ukishatoa maua hupunguza kutoa majani.

Na kila unaponyanyua chungu kupima uzito, kirudishe umekigeuza robo mzunguko, la sivyo mche wote utalalia kioo cha dirisha.