Shule Ikifungwa kwa Theluji: Mtoto Apokelewe Wapi?

Mimi ni msaidizi kwenye basi la shule hapa Iowa, Marekani, na huu ni mwaka wangu wa saba. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi wengi ninaowapokelea watoto asubuhi wamepita njia hiyohiyo, kwa hiyo nawaandikia kama dada yenu.

Kabla ya yote, nenda ofisi ya shule uulize ni namba gani ya simu iliyoandikwa kwenye jina la mwanao. Sisi tunabadilisha laini kila mara, na shule haina njia ya kujua. Januari 2024, baada ya dhoruba mbili za theluji kufuatana, ilikuja baridi ya upepo, yaani baridi jinsi ngozi inavyoihisi upepo ukivuma, iliyofika nyuzi 34 chini ya sifuri za Selsiasi. Shule zilifungwa. Asubuhi nikachungulia dirishani, nikaona watoto wawili wa jirani wamesimama kituoni. Simu ya shule ilikuwa imepigwa kwenye namba ya zamani ya mama yao, na yeye alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Yule mdogo alivaa glavu moja, mkono mwingine ameuficha ndani ya shati. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa barafu, kama mtu aliyetoka kusaga unga. Nilimwingiza ndani, nikaweka vidole vyake kwenye maji ya uvuguvugu. Usisugue vidole vilivyoganda, na usitumie maji ya moto.

Siku ile jua lilikuwa linawaka. Ndiyo maana akina mama wengine huniuliza, "Theluji haianguki, mbona wamefunga?" Wanafunga kwa sababu ya upepo. Baridi ya upepo ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30, na basi likichelewa mtoto anaweza kusimama muda huohuo. Tena basi lenyewe linagoma: dizeli inakuwa nzito kama mawese asubuhi ya baridi, injini inakataa kuwaka.

Uamuzi hufanyika mkiwa mmelala. Kwetu, mkuu wa usafiri huingia barabarani saa kumi alfajiri, akajaribu vilima na vichochoro ambavyo magari ya kusukuma theluji hayajafika. Anazungumza na watu wa barabara, anasoma utabiri, kisha anampigia mkuu wa shule za wilaya, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Ujumbe hutoka karibu saa kumi na moja na nusu, yaani simu yako ikionyesha 5:30. Usizime simu usiku wa dhoruba. Waombe pia ofisini waandike kwamba lugha yako ni Kiswahili.

Ujumbe ukija kwa Kiingereza, tafuta maneno haya. "Closed" ni shule imefungwa siku nzima. "Two-hour delay" ni kila kitu kusogea saa mbili mbele: basi la saa moja na dakika kumi litakuja saa tatu na dakika kumi. Siku hiyo mlishe mtoto nyumbani, maana kifungua kinywa cha shule huenda kisiwepo.

La tatu, "early dismissal", ndilo linaloninyima usingizi. Dhoruba inakuja mchana, watoto wanarudishwa mapema, na mzazi yuko kazini simu ikiwa kabatini. Sisi wa kwenye basi hatupendi kumwacha mtoto mdogo mbele ya mlango uliofungwa, lakini kama hakuna jina lingine kwenye fomu ya shule ya watu wa kumpokea mtoto, hatuna pa kumpeleka ila kumrudisha shuleni. Jaza majina mawili ya watu wanaoshinda nyumbani mchana. Mtaani kwetu familia tatu tumepatana: anayefanya kazi usiku anapokea watoto wa wote, na wengine wanampikia jioni. Kazini nako, mwambie msimamizi wako mapema, Oktoba au Novemba, na uweke kwenye simu namba ya kuombea ruhusa.

Siku zilizopotea huenda zikalipwa mwishoni mwa mwaka, kwa kuwa sheria ya Iowa inadai siku 180 za masomo au saa 1,080. Usikate tiketi ya safari kwa siku ya kwanza ya likizo.

Na jina kwenye fomu halitoshi. Jumapili mkitoka kanisani, tembea na mwanao kutoka kituo cha basi hadi mlango wa jirani huyo. Mwache abishe hodi mwenyewe, afunguliwe, aoneshwe choo na mahali pa kuweka buti zake. Kisha rudieni tena theluji ikishaanguka, maana njia ikifunikwa, mtoto wa miaka sita haitambui.