Nyasi zikikauka: vile nalisha ng'ombe wa maziwa hadi mvua irudi

Huku Njoro, Nakuru, ikifika Januari nyasi zinageuka rangi ya vumbi, ng'ombe anazunguka mchana kutwa na jioni anarudi tumbo imeshikana na mgongo, na watu wengi hapo wanakimbia agrovet kubeba gunia la deri mili, ile chakula ya dukani ya ng'ombe wa maziwa. Usianzie hapo, hiyo ni hatua ya nne.

1. Jua ng'ombe ana kilo ngapi. Zungusha kifuani tepi ya kupimia uzito wa ng'ombe. Wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na beli ya hei (nyasi iliyokaushwa) ya boma rhodes ni kilo 15 hivi, kwa hivyo piga hesabu ya miezi mitatu ununue mapema, bei ya Februari itakutoa machozi.

2. Jaza tumbo. Hei ikipungua tumia mabua ya mahindi, katakata vipande vya inchi moja, koroga molasi lita moja na maji lita tatu unyunyizie juu, utaona vile wanalamba hadi kihori. Ya ukungu tupa hata kama umeishiwa, manake sumu yake inapita mpaka kwa maziwa.

3. Protini. Nimepanda calliandra, mti mdogo wa malisho, kwa fensi, kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi ya karibu kilo moja ya deri mili na sijalipa mtu. Majani ya viazi vitamu pia ni sawa.

4. Sasa deri mili. Anza na nusu kilo, ongeza pole pole kwa wiki mbili, ukigawa asubuhi na jioni wakati wa kukamua. Mimi mwaka mmoja niliona maziwa imeshuka nikamwaga kilo sita mara moja, tumbo likajaa asidi, akaacha kula, akaharisha, na pesa ya daktari ikawa mingi kuliko ya maziwa ya huo mwezi. Hesabu yangu ni kilo moja kwa kila lita mbili za maziwa juu ya zile 5 hadi 7 ambazo nyasi nzuri peke yake inatoa, na kama lita haziongezeki rudisha chini.

5. Maji isikose, anaweza kumaliza lita 80. Chumvi ya madini iwe karibu.

Mvua ikirudi usimwachilie kwa nyasi changa akiwa na njaa, atafura tumbo kwa gesi. Mpe hei kwanza asubuhi, ndio umfungulie.