Somo: Kufuga simbilisi nyumbani, kuanzia kununua hadi kumtibu

Ndugu zangu, simbilisi (kwa Kiingereza "guinea pig") wanazidi kuingia majumbani. Wazazi wanawanunulia watoto kwa sababu ni wapole, hawang'ati ovyo, na wanakaa hata kwenye nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Nyanda za Juu Kusini, na kule Kivu, watu wamewafuga siku nyingi kwa kitoweo, wakiwaachia jikoni wale maganda na majani. Labda ndiyo maana wengi huamini mnyama huyu hana masharti. Anayo, tena makali. Akitunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8. Vifo ninavyosikia kwa wafugaji wenzangu karibu vyote vinarudi kwenye mambo matatu: kukosa vitamini C, joto, na dawa isiyomfaa. Hayo nitayaeleza kwa kirefu, mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Nunua wawili, na hakikisha jinsia mwenyewe

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hunyong'onyea, hujificha, na hula kidogo. Chukua majike wawili, au madume wawili waliokua pamoja wasio na jike karibu.

Usitegemee neno la muuzaji. Mshike, mgeuze kidogo, tazama sehemu ya siri. Kwa jike utaona mkunjo wenye umbo la herufi Y. Kwa dume, ukibonyeza taratibu juu kidogo ya tundu, uume hujitokeza. Fanya hivyo hapohapo sokoni, maana jike hubeba mimba siku 59 hadi 72, na saa chache tu baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi, wanatembea. Wa kiume watenge na mama yao wakifika wiki 3.

Kagua na afya: macho makavu, pua safi, nyuma hakuna kinyesi kilichoganda, manyoya hayana mapengo.

Hatua ya 2: Kizimba

Kwa wawili, sakafu isipungue sentimita 120 kwa 60. Urefu kwenda juu si muhimu, wao hawapandi; wanataka uwanja wa kukimbia. Sakafu iwe bapa. Waya wa kuku chini ya miguu huwachubua nyayo, zikavimba na kutunga vidonda vinavyochukua miezi kupona.

Tandika maranda makavu yasiyo na vumbi, au taulo kuukuu unazofua. Maranda yatoke kwenye mbao zisizopigwa dawa ya mchwa, na yasiwe ya mti wenye harufu kali. Makapi ya mpunga yana vumbi jingi, yaache. Weka kiboksi cha kujificha chenye milango miwili, ili mmoja asimzibie mwenzake njia.

Kizimba kiinuliwe, na kila mguu wake usimame ndani ya kopo lenye maji au oili chafu. Siafu wakivamia usiku, asubuhi hukuti kitu. Paka na panya nao wasipate upenyo.

Hatua ya 3: Chakula

Kitu cha kwanza, cha pili na cha tatu ni nyasi. Meno ya simbilisi, hata magego, hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi mchana na usiku. Tumbo lake nalo limeumbwa lisikae tupu. Nyasi kavu za Boma Rhodes zinazouzwa kwa marobota kwa ajili ya ng'ombe zinafaa sana. Ukoka na majani ya tembo machanga pia. Usikate kandokando ya barabara wala penye dawa za kupulizia. Majani mabichi yaliyolundikwa kwenye gunia mpaka yakapata joto usiyape mnyama, yanajaza gesi tumboni.

Juu ya nyasi, kila mmoja apate kama kikombe kimoja cha mboga kwa siku. Karoti na matunda ni kionjo tu, kwa sababu ya sukari. Kabichi kidogo sana. Mchicha usiwe wa kila siku, unachangia mawe kwenye kibofu. Ugali, wali, mkate na chipsi visikanyage kizimbani. Chakula cha kuku pia hapana, kimetengenezwa kwa ajili ya ndege na mara nyingi kina dawa ndani yake.

Maji badilisha kila siku. Chupa ya kunyonya ni safi kuliko bakuli.

Hatua ya 4: Vitamini C, kila siku iendayo kwa Mungu

Hapa naomba msome polepole. Mbuzi, sungura, paka, wote miili yao inajitengenezea vitamini C. Simbilisi hawezi, sawa na sisi binadamu. Akiikosa anapata kiseyeye, ugonjwa uleule uliomaliza mabaharia zamani. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaugua kiseyeye, na hapo ndipo sayansi ilipopata mnyama wa kuuchunguza ugonjwa huo.

Kwa hiyo mtu anayemlisha simbilisi pumba na chakula cha sungura cha dukani anamuua taratibu akidhani anamnenepesha. Chakula cha sungura hakiongezwi vitamini hiyo kwa sababu sungura haihitaji.

Dalili zinaanza ndani ya wiki 2 au 3. Kwanza anaacha kuruka. Simbilisi mwenye raha, ukifungua tu mfuko wa nailoni wenye mboga, anapiga mluzi mkali na kurukaruka akijipinda hewani. Mgonjwa anabaki pembeni, manyoya yamesimama. Baadaye magoti yanavimba, anachechemea, analia ukimshika, ufizi unatoka damu, meno yanalegea.

Mahitaji yake ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye mimba apewe kiwango cha juu. Njia rahisi ni pilipili hoho: kipande kama robo ya hoho moja kila siku kwa kila mnyama, pamoja na majani ya sukuma wiki. Pera lina vitamini C kwa wingi mno, ila kwa utamu wake toa kipande chembamba. Hoho zikipanda bei, nunua vidonge vya vitamini C vya miligramu 100 visivyo na sukari, gawa kimoja mara nne, robo moja uponde na upake kwenye jani. Usitie dawa kwenye maji ya kunywa. Vitamini hii inaharibika haraka majini, na wengine huacha kunywa kwa sababu ladha imebadilika.

Hatua ya 5: Joto

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwenye baridi. Joto likipita nyuzi 27 anaanza kutaabika, na sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tunajua Desemba hadi Machi kunavyokuwa. Kizimba kisikae kwenye kibaraza cha bati wala dirishani penye jua. Kiweke chumba chenye hewa, sakafu ya vigae, na mchana waachie chupa ya maji yaliyogandishwa iliyoviringishwa kitambaa, watajilaza ubavuni pake.

Ukimkuta amelala ubavu, anahema mbiombio, mate yanamtoka, mhamishe penye ubaridi, mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha mkimbize kwa daktari.

Hatua ya 6: Mizani

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku ileile, uandike. Mtu mzima huwa kati ya gramu 700 na 1,200. Simbilisi huficha ugonjwa, lakini uzito haufichiki. Akipungua gramu 50 fungua macho, akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake nenda kwa daktari. Na asipokula kabisa kwa saa 12, usingoje kesho, tumbo lake linakuwa limesimama.

Watoto wambebe wakiwa wamekaa chini kwenye mkeka, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika makalio.

Hatua ya 7: Dawa zinazoua

Amoksilini, ampisilini, penisilini, erithromaisini: hizi tunazozizoea kwa binadamu na mifugo, simbilisi akipewa zinaua bakteria wema wa tumboni, wabaya wanajaa na kutoa sumu, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Hata sindano ya penstrep (mchanganyiko wenye penisilini) anayochomwa ng'ombe si salama kwake. Madaktari wa wanyama wana dawa nyingine anazozistahimili, kama enrofloksasini na trimethoprimu yenye salfa, kwa kipimo cha uzito wake. Ukimwita mtaalamu wa mifugo, mwambie wazi kabla hajafungua mkoba: huyu ni simbilisi, asipewe penisilini. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku, hawatachukia kukumbushwa. Kwa tatizo gumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro ni mahali pa kuuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Tabata: Mtaalamu shikamoo. Wangu nimemkuta anakula mavi yake, tena anayachukua yakitoka tu. Ana minyoo?

Marahaba mama. Hana tatizo. Anatoa vinyesi vya aina mbili, na vile laini anavirudia kwa sababu vina vitamini za kundi B na protini. Usimzuie.

Mkulima wa Arusha: Mkuu, nina sungura wanne. Niwachanganye na simbilisi banda moja?

Hapana mkuu. Teke la sungura linavunja mbavu za simbilisi, na sungura hubeba bakteria wa mapafu wasiomsumbua yeye lakini wakamletea simbilisi nimonia. Chakula chao pia kinatofautiana, nimeeleza Hatua ya 4. Majirani sawa, chumba kimoja hapana.

Wa Bukavu: Jambo kaka. Huku kwetu wanakaa jikoni pamoja na sisi, wanapata joto la moto. Majani gani tusiwape?

Jambo sana ndugu. Baridi ya huko naielewa, ila moshi wa kuni unaharibu mapafu yao, watengee kona yenye hewa mbali na mafiga. Majani ya kuepuka: muhogo mabichi, nyanya, viazi mviringo, parachichi, na vitunguu vyote. Lusina pia, ina sumu inayonyonyoa manyoya. Ng'ombe na mbuzi wengi wanaistahimili kwa sababu tumbo lao limeumbwa tofauti.

Dada wa Mombasa: Jike wangu ana mwaka na nusu, hajawahi kuzaa. Nataka nimtafutie dume apate watoto.

Dada yangu, nakuomba usifanye hivyo. Jike asipozaa mapema, kiungo cha mbele cha nyonga hukaza kuanzia kama miezi 6 hadi 8, na watoto wa simbilisi huzaliwa wakubwa. Hawatapita. Bila upasuaji utampoteza yeye na watoto, na upasuaji wenyewe kwa mnyama mdogo hivyo si wa uhakika. Kama alishakaa na dume tayari, muone daktari wiki hii.

Kijana wa Dodoma: Naweza kutumia mwongozo huu kwa kobe niliyemuokota shambani?

Hapana. Kobe wa porini ni nyara ya taifa. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 huruhusiwi kumweka nyumbani bila kibali. Mrudishe ulipomtoa, au mjulishe ofisa wanyamapori wa wilaya.

Mwenye simbilisi wawili, Mbeya: Mmoja wao anajikuna mpaka anaanguka, manyoya yametoka mgongoni. Jirani kanipa ivermektini ya ng'ombe, anasema nimchome kidogo.

Rudisha hiyo sindano, kaka. Kujikuna hivyo mara nyingi ni utitiri wa ukurutu, na kweli ivermektini hutibu, lakini ile ya ng'ombe ina miligramu 10 kwenye kila mililita. Simbilisi wa gramu 800 anahitaji chini ya nusu ya miligramu, yaani hata sehemu ya kumi ya mililita haifiki. "Kidogo" ya mkono wa mtu ni mara kumi ya hiyo. Mpeleke apimwe uzito, daktari aizimue dawa, na irudiwe baada ya siku atakazokutajia kwa kuwa mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza. Wote wawili watibiwe siku moja, matandiko yachomwe, kizimba kioshwe na kuanikwa juani. Ukiona mapengo ni ya duara yenye magamba, hiyo yaweza kuwa choa, inaambukiza watu, kwa hiyo vaa glavu na watoto wasimguse mpaka apone.