Ukisafiri na watoto wadogo, hesabu kupanda na kushuka

Wengi tunachagua usafiri kwa kuangalia nauli na muda wa njiani. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, hesabu kwanza ni mara ngapi mtabadilisha chombo. Treni ya kutwa nzima inayowafikisha moja kwa moja mara nyingi ina nafuu kuliko ndege ya muda mfupi yenye foleni, ukaguzi, kusubiri, kisha teksi. Kila mnaposhuka, ni wewe na mtoto aliyelala, begi na kigari, na mikono ni miwili tu.

Treni nyingi zina choo na nafasi ya kutembea. Kwa anayejifunza kutembea, hilo ni jambo kubwa. Basi nalichagua kwa safari fupi, na nauliza kwanza linasimama wapi. Gari binafsi husimama mnapotaka, ila kama hakuna kiti cha mtoto kilichofungwa vizuri nyuma, ahirisheni. Mapajani si salama, hata kwa mwendo mfupi.

Kwenye ndege, mnyonyeshe au mpe chupa mara inapoanza kushuka, maana kumeza huzibua masikio. Usisubiri hadi magurudumu yaguse ardhi. Maumivu huanza mapema zaidi.