Baridi imeingia Arusha na Moshi, bustani usiiache

Wadau wa bustani za nyumbani, kila mwaka masika ikishakatika mwishoni mwa mwezi wa tano watu wengi huku wanaacha matuta yajae magugu, eti baridi imeingia hakuna kitakachoota mpaka vuli. Si kweli jamani. Juni mpaka Agosti ndio msimu wenyewe wa mboga za majani na mizizi, na kinachoua mboga mara nyingi ni magonjwa ya ukungu na kumwagilia vibaya, wala sio baridi.

Kwanza usifuate miezi iliyoandikwa kwenye pakiti ya mbegu iliyotoka Ulaya, wale baridi yao ni Desemba mpaka Februari na siku zao zinafupika sana, sisi tuko karibu na ikweta, urefu wa siku haubadiliki kiasi cha kuonekana, mimea yetu inachelewa kwasababu ya baridi na mawingu tu. Hapo hapo kwenye vitunguu maji ndio watu wanapigwa, kuna aina za Ulaya zinahitaji siku ndefu sana ndio zifunge kitunguu, ukizipanda hapa utapata majani matupu. Nunua Red Creole au Bombay Red, hizo zinafunga huku.

Sasa upande nini? Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni chini zaidi na kuna joto kidogo, kwahiyo wa Moshi mjini bado unaweza kuendelea na mchicha, bamia na bilinganya ingawa zitaenda taratibu. Ila ukiwa sehemu za juu zenye baridi zaidi kama Ilboru, Ngaramtoni, Kibosho au Marangu achana nazo kwanza, weka sukuma wiki, chainizi, spinachi, kabichi, karoti, bitiruti, njegere, saladi, giligilani na mnafu. Mnafu nausisitiza, unapenda ubaridi, ukiukata ncha unatoa matawi mapya pembeni na unaendelea kuchuma wiki hadi wiki.

Sukuma, chainizi na kabichi sia kitaluni katikati ya mwezi wa tano. Kawaida miche inahamishwa ikiwa na wiki 4 lakini kwenye baridi inaweza kwenda mpaka 6, usiwe na haraka, angalia majani halisi (sio yale mawili ya kwanza ya mbegu) yawe manne au matano. Chainizi ziachanishe sentimita 30, sukuma 45 mpaka 60, kabichi 60. Karoti na bitiruti panda moja kwa moja kwenye tuta, karoti haipendi kabisa kuhamishwa. Udongo wa karoti utifue sentimita 30 kwenda chini utoe mawe yote, na samadi mbichi usiweke maana karoti zitagawanyika miguu miguu, mbegu changanya na mchanga mkavu ndio zisirundikane, zikishaota punguza zibaki na nafasi ya vidole vitatu hivi.

Maji sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Asubuhi unatoka unakuta majani yamelowa, kuna ukungu na rasharasha, unasema leo simwagilii. Choma kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Mara nyingi juu pamelowa ila chini ni pakavu kabisa, maana masika ikishakatika mvua ya maana haipo mpaka vuli, zile rasharasha zinalowesha vumbi tu. Kukiwa pakavu mwagilia, ila iwe asubuhi na maji yaende kwenye shina, ukimwagilia jioni majani yanalala na maji usiku kucha, ugonjwa wa ukungu unashika. Ukiwa na bustani ya viroba pia angalia matundu ya chini yasizibe.

Tandaza nyasi kavu, majani ya migomba au makapi ya mpunga (wa Moshi mnayapata kirahisi kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya kule chini), lakini iwe tabaka jembamba na uache nafasi kuzunguka shina, kwasababu konokono wanajificha humo. Usiku pita na tochi uwaokote. Majivu ya kuni kuzunguka tuta yanasaidia yakiwa makavu, rasharasha ikipita weka mengine.

Ukikuta mche umekatwa chini kama kwa wembe na umelala pembeni, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Fukua kwa kidole hapo hapo kwenye shina asubuhi, utamkuta amejikunja, wa rangi ya kijivu, muue. Alafu kata chupa za plastiki vipande vya sentimita 8 uuvishe kila mche, chini kizame kidogo. Vidukari kwenye sukuma geuza jani uangalie chini, wakiwa wachache ponda kwa mkono, wakizidi kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, puliza chini ya jani, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika.

Nyanya kwenye baridi zinahangaisha sana, bakajani (ugonjwa unaokausha majani) likiingia linaweza kumaliza tuta ndani ya siku chache. Kama lazima ulime weka paa la nailoni huku pembeni kuko wazi hewa ipite, funga kwenye fito, toa majani ya chini yanayogusa udongo, na dawa ya ukungu ya kopa au mankozebu ipulizwe kabla ugonjwa haujaingia, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Mimi ningekushauri nyanya na hoho uzisie katikati ya mwezi wa nane kwenye treyi, sehemu inayopata jua la asubuhi, maana kwenye baridi zinachelewa kuota. Samadi iliyooza iweke kwenye tuta wiki mbili kabla, alafu mwezi wa tisa joto likianza kurudi unahamisha.