Ukiambiwa "tufunge mikanda," chukua kalamu

Nimefundisha masuala ya bajeti kwa miaka mingi, na kila darasa ubishi ni uleule: uchumi ukidorora, serikali ibane matumizi au iongeze? Usianze kwa kuchagua upande. Anza na karatasi.

Andika pato la taifa 100, deni 120, makato ya matumizi 3. Sasa jiulize: kila 1 inayokatwa inapunguza pato kwa kiasi gani? Mshahara wa muuguzi ni mauzo ya mwenye duka, kwa hiyo hasara haiishii hospitalini. Kiwango hicho kinaitwa kizidishi.

Jaribu 0.5. Pato linashuka hadi 98.5. Kodi nayo inapungua. Tuchukulie serikali hukusanya asilimia 40 ya pato, basi imepoteza 0.6 na kuokoa 2.4. Deni linabaki 117.6, yaani asilimia 119.4 ya pato. Limepungua kidogo.

Rudia kwa 1.5. Pato 95.5, kodi iliyopotea 1.8, kilichookolewa 1.2, deni 118.8. Gawanya: asilimia 124.4. Watu wameumia na mzigo umeongezeka! Hapa darasa hunyamaza.

Ndiyo maana Oktoba 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa lilipokiri kuwa makadirio ya ukuaji wa uchumi yalitumia kizidishi cha karibu 0.5, ilhali halisi kilikuwa kati ya 0.9 na 1.7, halikuwa jambo dogo. Ugiriki ilishabana sana. Pato lake likaporomoka kwa takriban robo, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ukapita asilimia 27. Ni kweli haikuwa na hiari kubwa, maana wakopeshaji walishaikimbia.

Kisha uliza kama kuna kitu cha kuziba pengo la mauzo linaloachwa na makato. Kanada ilikata sana kuanzia bajeti ya 1995 na uchumi ukaendelea kukua: riba zilishushwa, sarafu yake ilikuwa dhaifu, na jirani yake Marekani alikuwa akinunua. Ugiriki haikuwa na sarafu yake yenyewe ya kushusha thamani. Riba zikiwa tayari karibu na sifuri, benki kuu nayo haina mengi ya kufanya.

Mwisho, soma kinachokatwa. Mimi hupigia mstari mwekundu fungu la matengenezo, kwa kuwa ndilo rahisi kukatwa bila kelele. Paa linalovuja mwaka huu huandikwa "akiba"; miaka mitano baadaye linarudi kwenye bajeti likiwa jengo zima.