Kabla ya kuliendesha gari la zamani kwa petroli isiyo na risasi

Petroli yenye risasi (madini ya ledi) iliacha kuuzwa kwa kawaida Uingereza mwishoni mwa 1999, na Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zimeachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Morris Minor 1000, gari dogo la zamani la Uingereza, haikuundwa kwa mafuta ya leo. Hata hivyo, usikimbilie kufungua injini. Jua kwanza hedi yako, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ni ya chuma gani.

Hedi ya aluminiamu, kama ya Volkswagen Beetle au Peugeot 504, ina siti za valvu (duara ambazo valvu hukalia zikifunga) zilizopachikwa, kwani aluminiamu ni laini mno kuhimili kugongwa na valvu. Siti hizo kwa kawaida hazisumbui. Mwenye gari la namna hiyo ashughulikie mipira ya kupitishia petroli tu. Morris Minor ina hedi ya chuma cha kusubu, na siti zimechongwa humohumo kwenye hedi. Risasi iliyoungua ilikuwa ikiacha utando mwembamba kati ya valvu na siti. Utando huo usipokuwepo, valvu ya ekzosi ikipata moto sana hunatana na siti, na kila inapofunguka inang'oa chembe za chuma. Siti inaliwa, valvu inazama ndani ya hedi. Valvu za kuingizia hazina shida hiyo, maana hupozwa na hewa na petroli mbichi.

Ugonjwa huu hausikiki mapema, kwa hiyo upime. Injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha tapeti. Kila valvu inatakiwa iwe na nafasi ya milimita 0.30 kati ya ncha yake na roka, mkono mdogo unaoisukuma ifunguke. Fuata hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imeshuka hadi mwisho, pima ya 1, ya 7 ikiwa chini, pima ya 2, jumla iwe 9 siku zote. Ukihesabu kuanzia upande wa rejeta, za ekzosi ni 1, 4, 5 na 8. Zikazie macho ya 4 na ya 5: zimekaa ubavu kwa ubavu na zinatolea moshi kwenye tundu moja, kwa hiyo ndizo zenye joto kali zaidi.

Andika vipimo kabla hujagusa skrubu yoyote. Roka zikichakaa, nafasi huongezeka. Nafasi ikipungua, siti inaliwa na valvu inazama. Ikiisha kabisa, valvu haifungi, moshi unapenya pembeni na ukingo wa valvu unaungua. Pitisha pia ukucha kwenye ncha ya roka. Ikiwa imechimbika, filageji, ule ubapa mwembamba wa kupimia nafasi, itapita juu ya shimo na kukuonyesha nafasi ndogo kuliko ile ya kweli.

Pima tena baada ya kilomita 1,500. Zikibaki 0.30 na gari ni la matembezi ya kilomita 70 kwa saa, endelea nalo na utunze fedha zako. Ikishuka hadi 0.25, rekebisha na upime tena baada ya kilomita nyingine 1,500. Ikishuka tena, panga kufungua hedi. Kwa sasa, dawa ya kulinda siti inayochanganywa kwenye tanki itakusaidia, hasa kwenye safari ndefu za kasi au milima. Fuata kipimo cha kwenye chupa kila ujazapo, wala usichanganye dawa za aina mbili.

Hedi ikishafunguliwa, hata kwa ajili ya gasketi tu, weka siti ngumu nne za ekzosi pamoja na valvu mpya zinazoendana nazo. Nyufa zitafutwe kabla ya kukereza chochote, hasa kati ya valvu na valvu. Chagua karakana inayoijua hedi hiyo: kisu cha kukereza kikizama kupita kiasi kinatoboa njia ya maji, na hedi inaishia kuwa chuma chakavu.

Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na petroli pungufu huongeza joto la valvu. Plagi ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu: kwenye kabureta ya SU (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) teremsha nati ya jeti, tundu la kupitishia petroli, kwa moja ya sita ya mzunguko, kisha jaribu barabarani. Unatafuta plagi yenye rangi ya kahawia hafifu. Injini ikigonga kwenye mlima, rudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma digrii 1 au 2 tu. Ukizidisha, unaipelekea ekzosi joto lilelile unalolikimbia.

Uingereza imekuwa na petroli ya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu Septemba 2021, na ethanoli yake hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Badilisha mipira yote kwa ile yenye alama ya R9, inayostahimili ethanoli, bila kusahau kile kipande kifupi cha kwenye kabureta. Katika Morris, kabureta imekaa juu ya ekzosi, na tone moja la petroli hapo linatosha kuwasha moto. Kizima moto cha poda cha kilo 2 kifungwe karibu na kiti cha dereva, si kwenye buti. Gari likilala zaidi ya miezi mitatu, toa petroli yote kwenye tanki na kwenye bakuli la kabureta.